Chupa Juu ya Bati: Kuua Vijidudu vya Maji kwa Nguvu ya Jua



Leo tunaanza na swali. Asubuhi hii umekunywa maji. Maji hayo yametoka wapi? Labda ni ya kisima. Labda ni ya mto au lambo. Labda ni ya mvua uliyokinga kwenye bati. Je, unajua ndani yake mna nini?

Wengi wetu tutajibu hivi: "Maji yetu ni meupe kabisa. Wazee waliyanywa, sisi tumeyanywa tangu utoto, na bado tuko hai." Ni kweli, sisi tuko hai. Lakini hebu tuhesabu pamoja, polepole. Nyumbani kwenu mlizaliwa wangapi? Mliokua ni wangapi? Wale ambao hawakukua waliugua nini? Wengi tutakumbuka neno moja: kuhara. Wanaosema maji hayana neno ni sisi tuliobaki. Wale wenzetu hawapo hapa kutujibu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuhara kunaua watoto zaidi ya 400,000 wenye umri chini ya miaka 5 kila mwaka duniani kote. Na si watoto peke yao. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoani. Mpaka mwaka 2018 watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua katika nchi yetu, na zaidi ya 500 walikuwa wamekufa. Kipindupindu hupita katika maji na chakula chenye uchafu wa choo. Hakichagui tajiri wala maskini, lakini humkuta zaidi yule asiye na bomba wala dawa.

Kwa hiyo somo letu la leo ni hili: namna ya kuua vijidudu vya maji mahali ambapo hakuna mtambo wa maji, hakuna umeme, na kuni ni shida.

TULIKOTOKA

Wasomaji wetu wenye mvi watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kufanya kazi. Walichimba vyoo. Walifyeka majani karibu na nyumba. Walisafisha visima. Jambo hilo lilionyesha kwamba kusoma si kwa ajili ya kusoma barua tu. Kusoma ni kwa ajili ya kuishi.

Tangu zamani tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Somo hilo ni jema, na bado ni jema mpaka leo. Maji yaliyochemka hayana vijidudu vya kuhara. Lakini tuseme kweli jamani. Nani anayechemsha kila siku? Mama ametoka alfajiri kutafuta kuni. Amerudi na mzigo mmoja. Mzigo huo ni wa kupika uji, ugali na maharage. Ukimwambia achemshe na ndoo ya maji ya kunywa, atakutazama tu. Hakatai somo. Kuni ndizo zinazokataa.

Tena kuna kosa moja linalotupotezea kuni nyingi. Wengi tunaamini kwamba maji lazima yatokote dakika 20 ndipo yawe salama. Sivyo. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini, vijidudu vya magonjwa vimekwisha kufa. Yaache yatokote dakika 1, kisha epua. Wale wanaoishi milimani, mahali palipo juu zaidi ya meta 2,000, wasubiri dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajawa moto sana. Ukijua hilo tu, utaokoa kuni.

Na pale ambapo kuni hizo kidogo nazo hazipo, kuna njia nyingine. Haitaki kuni, mafuta ya taa wala umeme. Inataka jua, na jua tunalo.

JUA LINAUAJE VIJIDUDU?

Mwanga wa jua una mionzi ya namna nyingi. Mingine tunaiona, na hiyo ndiyo nuru ya mchana. Mingine hatuioni kwa macho, lakini ngozi zetu zinaijua, maana ndiyo inayomuunguza mtu anayeshinda juani. Mionzi hiyo isiyoonekana ikiingia katika maji humwumiza kijidudu ndani ya mwili wake mdogo. Hawezi tena kuzaana. Asiyezaana hawezi kuleta ugonjwa tumboni.

Joto nalo husaidia. Maji yakifika joto la nyuzi 50 za Selsiasi, mionzi na joto hushirikiana, na kazi huenda haraka zaidi. Ndiyo sababu tunaiweka chupa juu ya bati. Bati hupata moto na kuyaongezea maji joto.

Tusichanganye mambo mawili. Maji hayahitaji kuchemka juani, wala hayatachemka. Katika njia hii kazi kubwa ni ya mwanga, na joto ni msaidizi. Kwa hiyo maji meusi yaliyowekwa ndani ya sufuria iliyofunikwa hayatapona kwa njia hii, hata yakishinda juani.

NANI ALIIJARIBU?

Usikubali jambo kwa sababu limeandikwa gazetini. Uliza: nani alijaribu, na aliona nini?

Miaka ya 1970 kuelekea 1980, mtaalamu mmoja aitwaye Aftim Acra na wenzake walikuwa wakifanya kazi katika chuo kikuu cha Kimarekani mjini Beirut, nchi ya Lebanoni. Walikuwa na swali la maana sana. Mtoto anayeharisha hutakiwa kunywa maji yenye chumvi na sukari. Lakini kama maji yenyewe yana vijidudu, unamtibu mtoto au unamwongezea ugonjwa? Wakaweka maji katika vyombo vinavyopitisha mwanga, wakaviacha juani. Waliona vijidudu vinakufa. Walitangaza habari hiyo mwaka 1980. Kuanzia mwaka 1991 wataalamu wa maji wa Uswisi waliendelea na uchunguzi huo, wakapata kipimo cha saa na aina ya chupa inayofaa.

Sasa tuje karibu na kwetu. Majirani zetu Wamasai wa Kajiado, nchini Kenya, wanaishi katika nchi kavu. Maji yao mara nyingi ni ya malambo na visima vya wazi, ambapo ng'ombe nao hunywa. Miaka ya 1990 watafiti walifanya majaribio pamoja nao. Familia zilipewa chupa za plastiki. Wengine waliweka chupa zao juu ya paa, juani. Wengine waliziweka ndani ya nyumba, kivulini. Kisha watoto waliangaliwa. Wale wa chupa za juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Tofauti haikuwa kubwa sana, lakini ilikuwapo.

Halafu kipindupindu kikaingia katika eneo hilo hilo. Watafiti walirudi kuhesabu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Katika watoto 144 walio chini ya miaka 6 ambao maji yao hayakuwekwa juani, 20 walipata kipindupindu. Katika watoto 155 waliokunywa maji ya juani, walikipata 3.

Soma tena hesabu hiyo, ndugu msomaji. Ishirini kwa watatu. Lambo ni la namna ile ile, ng'ombe ni wale wale. Tofauti ni chupa juu ya paa.

VIFAA UNAVYOHITAJI

1. Chupa za plastiki nyeupe zinazoonyesha ndani, kama zile za maji ya dukani au soda. Tazama chini ya chupa. Ukiona alama ya pembetatu yenye namba 1 ndani yake, hiyo inafaa. Chupa ya rangi ya kijani au kahawia haifai, kwa sababu huzuia mionzi.

2. Chupa isizidi lita 2. Dumu la lita 5 au 20 ni nene mno. Mionzi haifiki katikati.

3. Kifuniko kinachofunga vizuri.

4. Mahali penye jua kutwa: bati la nyumba, au kipande cha bati kilichowekwa juu ya kichanja. Weka mahali ambapo kuku na watoto hawataangusha chupa, na ambapo kivuli cha mti hakitafika mchana.

Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa ya pamba au dawa ya mifugo isitumike kabisa, hata ukiiosha mara kumi. Chupa iliyochakaa na kujaa mikwaruzo nayo uiache, maana mwanga haupiti vizuri. Tafuta nyingine.

Wasomaji wengi huuliza: "Je, plastiki ikipata jua haitoi sumu ndani ya maji?" Wataalamu wamelichunguza jambo hilo. Kwa chupa hizi za namba 1, kiasi kilichoonekana ndani ya maji kilikuwa kidogo sana, chini ya kipimo cha hatari. Hatari iliyo kubwa ni vijidudu.

JARIBIO LA GAZETI

Jua haliwezi kupita katika maji ya matope. Utajuaje kama maji yako yanafaa? Huhitaji mashine. Unalo gazeti hili mkononi.

Jaza chupa maji. Isimamishe juu ya gazeti, penye herufi kubwa za kichwa cha habari. Sasa chungulia kwa juu, kupitia mdomo wa chupa, mpaka chini. Je, unaweza kusoma herufi zile? Kama unazisoma, maji yanafaa kwenda juani. Kama huzioni, maji ni machafu mno. Yasafishe kwanza.

Mtu asiyejua kusoma hawezi kufanya jaribio hili. Wewe unaweza. Basi wafanyie na jirani zako.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Nawa mikono. Osha chupa na kifuniko chake kwa sabuni. Ondoa karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Hatua ya 2. Tia maji robo tatu ya chupa. Funga. Tikisa kwa nguvu muda wa sekunde 20, kisha jaza chupa mpaka juu na ufunge tena. Kutikisa huingiza hewa ndani ya maji, na hewa husaidia kuua vijidudu.

Hatua ya 3. Laza chupa juu ya bati. Usiisimamishe. Ikilala, maji hupata jua zaidi.

Hatua ya 4. Iache saa 6. Ukiiweka saa 3 asubuhi, iondoe saa 9 alasiri.

Hatua ya 5. Ikiwa mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya mbingu, iache siku 2 mfululizo. Kama mvua inanyesha kutwa, usitegemee njia hii. Tumia nyingine.

Hatua ya 6. Ingiza chupa ndani na uiache ipoe. Kunywa kutoka katika chupa hiyo hiyo, au mimina katika kikombe kisafi.

Hatua ya 6 tunaisisitiza sana. Jua huua vijidudu vilivyomo, lakini halibaki ndani ya maji kulinda. Ukimimina maji yaliyopona ndani ya mtungi, kisha kila mtu akachovya kata lake na vidole vyake, umerudi pale pale ulipoanza. Kazi ya saa 6 imeharibiwa na kidole kimoja. Chupa yenyewe ndiyo ghala nzuri kuliko zote: ina mdomo mdogo, na mkono hauingii.

TUFANYE HESABU

Nyumba ina watu 6. Tuseme kila mtu anakunywa lita 2 kwa siku. Hiyo ni 6 mara 2, sawa na lita 12. Chupa moja ni ya lita moja na nusu. Gawa 12 kwa moja na nusu. Utapata 8. Basi nyumba inahitaji chupa 8 kwa siku.

Lakini chupa 8 za leo ziko juani, na leo watu wanataka kunywa. Kwa hiyo unahitaji seti mbili: 8 ziko juani, na 8 za jana ziko ndani zinanywewa. Jumla ni chupa 16. Ukitaka kujiandaa kwa siku za mawingu, ongeza 8 nyingine.

Chupa 16 zaonekana nyingi. Lakini ukienda mnadani au kituo cha basi utazikuta zimetupwa chini. Watoto wanaweza kuziokota na kuzileta nyumbani, zikaoshwa.

MAJI YA MATOPE

Mvua za kwanza huleta maji yenye rangi ya chai. Hayo yashughulikie hivi kabla ya kuyaweka juani.

Kwanza, yaache yatulie usiku kucha. Tope litashuka chini. Chota yale ya juu polepole.

Pili, yachuje kwa kitambaa. Wanawake wa Bangladeshi walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara 4. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua karibu nusu katika vijiji hivyo, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye wanyama wadogo wa majini, nao hunaswa na kitambaa. Kanga yako kuukuu ya pamba, iliyooshwa na kukunjwa, itakuchujia vivyo hivyo. Lakini kitambaa peke yake hakitoshi. Ni hatua ya kwanza tu.

Tatu, ukiwa na mti wa mlonge, tumia mbegu zake. Wanawake wa Sudani wanaokaa kando ya Mto Naili wamezitumia tangu zamani. Chukua mbegu zilizokauka mtini, menya ganda, twanga ile nyama nyeupe ya ndani iwe unga. Kadiria mbegu 1 kwa lita 1 ya maji, au 2 kama maji ni machafu sana. Changanya unga na maji safi kidogo, chuja, kisha mimina katika ndoo. Koroga haraka dakika 1, halafu polepole dakika 5 hadi 10. Yaache saa 2 bila kuyagusa. Uchafu utashikana na kuzama. Tumia mbegu tu. Mizizi ya mlonge ina sumu, usiitie katika maji.

Maji yakishakuwa meupe, rudia jaribio la gazeti. Ukisoma herufi, yapeleke juani siku hiyo hiyo. Maji ya mlonge hayafai kukaa siku nyingi.

SIKU ZISIZO NA JUA

Wakati wa masika jua hupotea, na ndio wakati kuhara kunakozidi. Tusibaki mikono mitupu. Hapo tumia klorini, yaani dawa ya maji. Inauzwa katika maduka ya dawa, ya vidonge na ya maji. Vidonge vingi ni vya ndoo ya lita 20, lakini usikisie. Wewe unajua kusoma: soma maelekezo kwenye pakiti. Tia dawa, koroga, funika, subiri dakika 30, ndipo unywe.

Klorini ina faida moja ambayo jua halina. Hubaki ndani ya maji na kuyalinda kwa muda. Harufu yake kidogo ni dalili kwamba mlinzi yuko kazini. Watu wengine hunung'unika, "Ati maji yananuka dawa." Kama inakusumbua, mimina maji kutoka chombo kimoja kisafi hadi kingine mara kadhaa, harufu itapungua.

Siku hizi kuna pia kifaa kidogo kinachotengeneza dawa hiyo kwa chumvi ya kawaida. Mtu anaweza kukibeba mkononi. Kinapata umeme kutoka kwenye betri au bamba la kukingia umeme wa jua. Huchanganywa chumvi gramu 25 katika lita 1 ya maji meupe, kifaa huzamishwa humo, na umeme hugeuza chumvi ile kuwa maji ya klorini. Lita moja ya dawa yenye klorini gramu 6 inatosha kutibu maji safi lita 3,000 hadi 4,000. Kifaa hiki si cha kila nyumba. Chafaa zahanati, shule, au kijiji kilichoungana. Atumie mtu aliyefundishwa, tena mahali penye hewa, kwa maana kazi hiyo hutoa gesi. Dawa itunzwe gizani na itumike ikiwa mpya, kwa sababu nguvu yake hupungua siku hadi siku.

MAMBO AMBAYO JUA HALIWEZI

Tusidanganyane. Jua huua vijidudu. Haliondoi chumvi. Haliondoi dawa ya mimea iliyotiririka kutoka shambani. Haliondoi madini ya floraidi.

Wenzetu wa Arusha, Manyara, Singida na Shinyanga wanaijua floraidi kwa jina jingine: maji yanayotia meno rangi ya kahawia. Ikizidi sana huumiza hata mifupa, na watoto hupinda miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita 1 ya maji. Kuchemsha hakuiondoi, jua haliiondoi, wala klorini. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeshughulika na njia ya kuipunguza kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Wanaoishi sehemu hizo waulize mhandisi wa maji wa wilaya kabla ya kuchimba kisima.

KWA NINI WATU HUACHA?

Tumeeleza habari njema za Kajiado. Sasa tueleze na habari nyingine, maana mwalimu asiyesema yote si mwalimu.

Katika nchi ya Bolivia, huko Amerika ya Kusini, vijiji 22 viliingia katika jaribio la chupa na jua. Nusu ya vijiji vilifundishwa njia hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kuhara kwa watoto hakukupungua kwa kiasi cha kutosha kusema kwamba njia imefaulu. Kwa nini? Je, jua la Bolivia ni dhaifu? Hapana. Walipochunguza waliona kwamba familia zilizokuwa zikiweka chupa juani kwa kawaida zilikuwa kama theluthi moja tu. Wengine walikuwa na chupa, walikuwa na somo, walikuwa na jua. Hawakuwa na mazoea.

Hapo ndipo pana kazi. Chupa moja ya leo haimlindi mtoto kesho. Mtoto akinywa maji salama siku 5, na siku ya 6 akanywa ya lambo, ile siku ya 6 yaweza kuwa ndiyo ya ugonjwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini anayemwaga kila Jumamosi hatajaza kamwe.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza, chagua saa. Chupa zipande batini mara tu chai ya asubuhi inapokwisha, kama vile kuku wanavyofunguliwa. La pili, chagua mtu. Kazi ya wote si kazi ya mtu. Na tusimwachie mama peke yake, kwani tayari ana maji ya kuteka na kuni za kutafuta. Baba ana mikono, tena anafikia bati kwa urahisi. La tatu, nendeni wengi. Nyumba kumi zikiweka chupa, ya kumi na moja itaona haya.

Wala tusisahau choo na sabuni. Maji salama mikononi pachafu ni bure. Na maji ya chupa si sababu ya kuacha kudai kisima kizuri. Chupa ni ngao ya leo. Kisima kilichofunikwa na bomba la kijiji ndiyo dawa ya kudumu. Katika mkutano wa kijiji uulize mambo hayo mawili kwa pamoja.

Na mtoto akishaanza kuharisha, usingoje. Chukua lita 1 ya maji salama, tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vya kusawazisha visivyo na kilima. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na mpeleke zahanati. Ukiwa na chupa iliyotoka juani jana, maji ya kumtengenezea unayo tayari. Ndicho kitu alichokuwa akikitafuta yule mtaalamu wa Beirut.

MASWALI YA KUJADILIANA

Yasomeni katika kikundi, mmoja asome na wengine wajibu.

1. Maji meupe yanaweza kuwa na vijidudu? Eleza.
2. Kwa nini chupa ya kijani haifai?
3. Leo mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya mbingu. Chupa ikae juani muda gani?
4. Nyumba yenu ina watu wangapi? Mnahitaji chupa ngapi za lita moja na nusu?
5. Kijana amemimina maji ya chupa ndani ya mtungi, akachota kwa kikombe alichokiokota chini. Amekosea wapi?
6. Taja kitu kimoja ambacho jua haliwezi kukiondoa katika maji.
7. Familia za Bolivia zilikuwa na jua na chupa. Zilikosa nini? Sisi tutafanyaje ili tusikose hicho?

ZOEZI LA WIKI HII

Kila msomaji atafute chupa 2 zenye namba 1. Azioshe. Afanye jaribio la gazeti. Kesho asubuhi aziweke batini, na jioni amwonyeshe jirani mmoja asiyejua kusoma namna alivyofanya. Jirani huyo naye anao watoto, na watoto wale wanacheza na wako na kunywa kikombe kimoja.

Gazeti usilitupe. Ulibandike ukutani karibu na mlango, ili herufi za kupimia maji ziwe karibu. Kesho jua likitoka, likute chupa zako zimekwisha kupanda.